Dubai huliwa Deira

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kwa miaka sasa kurasa za safari za magazeti yetu, lako likiwamo, zinampeleka msomaji Dubai kwa njia ileile: mnara mrefu, maduka makubwa, gari la jangwani, kisha chakula cha jioni kwenye hoteli ya ghorofa ya juu. Matokeo yake, mfanyabiashara anayekwenda kufunga mzigo kwa siku 5 anakula kuku wa kukaanga na chipsi siku zote 5, halafu anarudi nyumbani akisema Dubai hakuna chakula. Chakula kipo, na kiko hatua chache tu kutoka kwenye maduka anakonunulia huo mzigo.

Wakazi wa Dubai, kama 9 katika kila 10, ni watu waliotoka nchi nyingine. Migahawa midogo ya mitaa ya Deira, Naif, Karama, Satwa na Bur Dubai haikufunguliwa kwa ajili ya mtalii. Ilifunguliwa kwa ajili ya dereva, fundi umeme, mhasibu na mwuza vitambaa anayetaka ladha ya kwao kabla ya zamu au baada yake. Kwa hiyo anayetaka kula vizuri huko asianze kwa kusoma bango wala kuhesabu nyota kwenye simu. Aanze kwa saa. Mgahawa wa watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, saa 7 mchana na mgahawa huohuo saa 10 alasiri ni migahawa miwili tofauti, na huo wa pili hatuushauri kwa mtu yeyote. Saa tunazotaja humu ni za Dubai, tukizihesabu kwa Kiswahili. Huko wako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 1.

Asubuhi, kuanzia alfajiri hadi kama saa 3, ni zamu ya Wapakistani. Chakula cha wakati huo ni nihari: nyama ya muundi wa ng'ombe iliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, mchuzi wake ukafanywa mzito kwa unga wa ngano. Huletwa na kisahani cha tangawizi iliyokatwa vijiti vyembamba, pilipili mbichi na kipande cha ndimu. Kamua ndimu kwanza, maana mafuta yanayoelea juu ni mengi na bila uchachu utachoka kabla ya kufika nusu ya bakuli. Bakuli 1 na naan 2 zinamtosha mtu mzima mwenye njaa. Anayependa uboho aombe nalli mapema kwa sababu huisha kabla ya kitu kingine chochote. Ukifika saa 5 utapewa masalio ya chini ya chungu: nyama imesambaratika, chumvi imekolea, na aliyekuuzia hana kosa, umechelewa wewe. Wapenzi wa supu ya makongoro waulize paya, ni ndugu yake kabisa, ila viungo vimezidi.

Kwa asiyetaka nyama asubuhi, watu wa Kerala wana puttu, unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke ndani ya mwanzi au bomba la chuma ukitenganishwa kwa tabaka za nazi iliyokunwa. Huliwa na mchuzi wa dengu nyeusi. Puttu ikikaa hukauka na kukwama kooni, kwa hiyo uliza inayotoka jikoni sasa hivi, usikubali iliyopangwa kwenye kabati la kioo. Wanayo pia appam, ambayo mla chila ataitambua kwa macho kabla ya kuonja: mchele na nazi, uji uliochachuka, kingo nyembamba na katikati laini.

Mchana ndio wakati wa kuwasoma watu. Kati ya saa 6 na nusu na saa 8, simama upande wa pili wa barabara dakika 5 tu na utazame nani anaingia wapi. Mgahawa uliojaa wanaume wenye vitambulisho vya kazi shingoni, wanaokula kwa mkono na kuondoka ndani ya dakika 20, ndio wa kuingia. Meza ni za kushirikiana; ukiona kiti kitupu, salimia na ukae. Usikae ukizungumza baada ya kumaliza, kwa kuwa aliyesimama mlangoni ana mapumziko ya muda mfupi na wewe una likizo.

Hapo chakula cha kuagiza huitwa "meals", hivyohivyo kwa wingi. Ni wali, mara nyingi wa punje nene zenye wekundu, na vibakuli vya sambar (mchuzi wa dengu na mboga), mboga iliyokaangwa na nazi, mtindi, achari, papadi na mchuzi wa samaki. Wali na mboga huongezwa bila malipo. Samaki wa kukaanga ni bei ya pembeni, na hapo ndipo wageni wengi hushangaa bili. Chakula hicho bila nyongeza mara nyingi hakizidi dirham 20. Mhudumu atapita na ndoo ya wali akimwaga hadi umzuie. Neno la kumzuia unalo tayari: "bas". Ndiyo hiyo hiyo basi yetu, na inaeleweka kuanzia Bombay hadi Tehran.

Kuhusu biriani tunaomba tuchukue nafasi kidogo, kwa sababu ndipo Waswahili tunapoingia na kiburi na kutoka na malalamiko. Sisi tumezoea wali upande wake na masala upande wake. Biriani ya Malabar, pwani ya Kerala, hupikwa kwa dum: nyama na masala chini, wali ulioiva nusu juu, chungu kikafungwa kwa unga na kuwekewa makaa hata juu ya mfuniko. Mchele wake ni wa punje fupi na unanukia. Usidhani umepunjwa basmati. Mchuzi haupo, wala usiudai. Tatizo linalotokea kweli ni la upakuaji. Mhudumu mwenye haraka huchota tabaka la juu, ukapata wali mweupe na kipande cha kuku kisicho na habari. Mwambie achote hadi chini, au sema tu "masala" ukionyesha kwa kidole kuelekea sakafuni, anaelewa. Chungu cha Ijumaa ndicho hupikwa kwa bidii zaidi, na migahawa mingi hufunga wakati wa sala, kwa hiyo msongamano huja mara baada ya sala. Ikifika saa 9 biriani nzuri imekwisha na iliyobaki imepashwa moto.

Ng'ambo ya pili ya Khor, ule mkono wa bahari unaoigawa Deira na Bur Dubai, kuna migahawa ya Wagujarati isiyopika nyama kabisa. Kuivuka Khor kwa abra ya kawaida, boti ndogo ya abiria, ni dirham 1, hupewa nahodha mkononi mkiwa njiani, kwa hiyo uwe na sarafu. Huko agiza thali, sinia moja lenye vibakuli vingi ambavyo hujazwa tena na tena mpaka ulifunike sinia kwa kiganja. Wenye haraka wasimame kwenye vibanda vya pani puri, vidonge vya unga vya kukaanga vyenye uwazi ndani: kila kidonge hutiwa maji ya ukwaju na mnanaa na kumezwa kizima kwa mkupuo mmoja. Ukijaribu kukiuma nusu, shati limekwisha.

Si ajabu kwamba chakula cha Bara Hindi kimejikita hivyo. Rupia iliyotolewa na India ndiyo iliyotumika sokoni Dubai hadi mwaka 1966. Na Waajemi wana historia yao: mwanzoni mwa karne ya 20, mtawala wa Dubai alipoondoa ushuru wa forodha, wafanyabiashara wa pwani ya Iran walihamia na kujenga mtaa ulioitwa Bastakiya kwa jina la mji wao wa Bastak. Leo mtaa huo unaitwa Al Fahidi.

Alasiri ni ya karak. Hii ni chai ya majani ya unga, iliki, sukari na maziwa mazito ya kopo, ikichemshwa, ikipanda, ikishushwa, ikichemshwa tena hadi rangi iwe ya matofali. Huuzwa kwenye vibanda vinavyoitwa kafeteria, vingi vikiwa vya watu wa Kerala, na kikombe ni kidogo kwa makusudi. Wenyeji hawashuki garini: hupiga honi na kijana hutoka na trei. Anayetaka sukari kidogo atasema "chini kam", na hapo Mswahili asicheke. Kwa Kihindi chini ni sukari. Ila ombi hilo lina maana pale tu chai inapochemshwa kwenye sufuria ndogo kwa oda. Kama inatoka kwenye birika kubwa lenye bomba, sukari imo tangu asubuhi na hakuna wa kuitoa. Kitafunwa cha kafeteria ni paratha iliyokunjwa na yai, jibini laini, pilipili ya chupa na krispi za viazi zilizopondwa, zile maarufu za Oman. Wasomi wa mapishi hukunja uso. Sisi tunaona ndicho chakula cha Dubai kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina hilo, kwa sababu hakikutoka nchi yoyote, kilitokea hapo hapo barabarani.

Baada ya magharibi mkaa huwashwa. Ndipo karahi, nyama ya kukaangwa karaini, inapoagizwa, na ndipo fedha hupotea kwa kutojua. Karahi huuzwa kwa uzito, na uzito ni wa nyama mbichi yenye mifupa. Kilo 1 ya mbuzi ni ya watu 3 hadi 4, nusu kilo ni ya watu 2. Taja uzito mwenyewe kabla hujakaa. Ukisema "karahi" tu utaletewa kilo nzima. Ile ya Peshawar, Pakistan, ina nyama, nyanya, pilipili mbichi, chumvi na mafuta basi, na hupikwa kwenye karai lilelile unaloletewa mezani likichemka. Ikija na rojo jekundu zito la vitunguu, ujue imechotwa kwenye sufuria ya pamoja. Kuku hutaka kama dakika 25, mbuzi zaidi ya hapo, na mbuzi akija baada ya dakika 10 basi alichemshwa zamani. Roti usiagize zote mwanzoni. Anza na 1 kwa kila mtu, ongeza kadiri mnavyokula, kwani roti ya tanuri hugeuka ngozi ya kiatu ndani ya dakika chache. Mgahawa wa Ravi huko Satwa, uliofunguliwa mwaka 1978, umezoea wageni na ni mahali pazuri pa kujifunzia utaratibu huu kabla ya kujitosa Naif.

Migahawa mingi ya aina hii ina sehemu ya familia, pengine juu ghorofani au nyuma ya pazia. Mwanamke anayesafiri peke yake au na wenzake akitaka utulivu aseme "family" mlangoni, ataongozwa. Si amri kukaa huko. Na atakayetaka kubeba chakula aseme "parcel". Maneno mengine ya kubeba hayafiki mbali.

Kebabu za Kiajemi ni habari nyingine: nyama ililala kwenye mtindi na zafarani, ikachomwa kwenye vyuma bapa, ikaletwa juu ya wali mkavu na donge la siagi. Al Ustad Special Kabab, karibu na kituo cha metro cha Sharaf DG, ambacho zamani kiliitwa Al Fahidi, nayo ni ya tangu 1978. Kuna unga wa zambarau mchachu mezani uitwao sumac. Nyunyizia kwenye wali na nyama, si kwenye mtindi peke yake kama wageni wafanyavyo. Kitunguu kibichi kinacholetwa si pambo, hukata mafuta. Kwenye tanuri za mkate wa Kiirani uliza sangak, unaookwa juu ya kokoto za moto, na uukung'ute kabla ya kuuma maana kokoto hubaki. Anayekula mkate wa ajemi Unguja ana haki ya kulinganisha, jina lenyewe limeshasema ulikotoka.

Kwa mandi ya Kiyemeni, kipimo ni nafar, yaani sahani ya mtu 1. Nafar moja ya nyama huwashibisha wawili wasio walafi. Mandi halisi hupikwa kwenye shimo: nyama huning'inizwa juu ya sufuria ya wali, mafuta yakadondokea humo, na kipande cha kaa hutoa moshi kabla shimo halijafunuliwa. Nusa wali kabla ya kutia sahawiq, ile kachumbari ya kusagwa ya nyanya na pilipili. Kama husikii moshi, umeuziwa wali wa njano na nyama ya kuchemsha. Supu huja bure mwanzoni. Kukaa ni chini, viatu nje, na mkono wa kulia.

Shawarma tunaipitia haraka kwa sababu kila mtu anaijua, isipokuwa jambo moja la afya. Tazama kisu kinachukua nini. Kinatakiwa kikate tabaka lililokauka tu. Kikifika kwenye kuku wa rangi ya waridi, nyama hiyo irudi kwenye bamba la moto kabla ya kufungwa mkateni, na kama haikurudi, ondoka. Mnara mdogo unaoisha na kubadilishwa kila baada ya muda ni salama kuliko mnara mkubwa kwenye mlango usio na wateja. Na usibebe shawarma yenye mchuzi mweupe wa vitunguu saumu hotelini ukaile usiku wa manane. Joto la huko kuanzia Juni hadi Septemba hupita nyuzi 40, na mchuzi huo haustahimili. Vivyo hivyo chatne ya nazi: inuse kwanza, ikiwa na harufu ya kuchacha iache mezani.

Sasa wenyeji wenyewe. Chakula cha Waimarati ni cha nyumbani, ndiyo maana ni kigumu kukipata kwenye kibanda cha barabarani, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima asikione. Cha kushangaza ni kwamba kwa Mswahili si kigeni hata kidogo. Luqaimat ni kaimati. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni vijitonge. Wao humwagia asali ya tende na ufuta juu baada ya kukaanga, hawaviringishi kwenye shira kama sisi, kwa hiyo ganda hulainika upesi. Uzile ndani ya robo saa, ama usizile. Balaleet ni tambi tamu za iliki na zafarani, lakini juu yake huwekwa yai la kukaanga lenye chumvi, na ni chakula cha asubuhi. Harees ni bokoboko: ngano iliyolowekwa usiku, ikapikwa na nyama kwa saa nyingi, ikapondwa kwa mwiko mzito na kumwagiwa samli. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2023, kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Harees njema huvutika kidogo ikiinuliwa na kijiko. Ikidondoka kama uji, imesagwa kwa mashine. Viungo vya wali wao wa machboos huitwa bezar, na anayetumia bizari hahitaji mkalimani.

Mahali pa uhakika pa kuanzia ni Sheikh Mohammed Centre for Cultural Understanding, kituo kilichoanzishwa mwaka 1998 ndani ya Al Fahidi. Huandaa vyakula vya asubuhi na mchana kwa wageni, mnakaa chini pamoja na wenyeji na kuuliza lolote, hata yale ambayo kwingine yangeonekana utovu wa adabu. Nafasi huwekwa mapema, usitokee tu mlangoni. Ukipewa kahawa, kikombe kitajazwa kidogo sana, kama robo. Huo si uchoyo, ndiyo heshima yenyewe, na utaendelea kumiminiwa hadi ukitikise kikombe kushoto kulia wakati wa kukirudisha.

Wapenzi wa samaki waende Waterfront Market, Deira, soko lililofunguliwa mwaka 2017 kuchukua nafasi ya lile la zamani. Majina ya Kiarabu yasikutishe: safi ni tasi, shaari ni changu, kanaad ni nguru, hamour ni chewa. Utanunua kwa kilo kabla ya kusafishwa, ulipie kusafisha kwenye meza za pembeni, kisha upeleke kwa wapishi wa hapo hapo. Sema wazi kama unataka wa kukaanga au wa kuchoma, na utaje chumvi na pilipili, la sivyo watapaka masala ya kila mtu. Chewa anapendwa mno hadi amevuliwa kupita kiasi, na bei yake inaonyesha. Tasi ni nafuu na kwa maoni yetu ni mtamu zaidi akichomwa. Ukiuziwa minofu mieupe migahawani kwa jina la hamour huna namna ya kuthibitisha. Agiza samaki mwenye kichwa.

Wahabeshi wako Deira pia, na Jumatano na Ijumaa, siku zao za mfungo, uliza beyaynetu: sinia la injera, mkate bapa wa Kihabeshi, lenye mboga na dengu za kila namna bila nyama wala samli. Kitfo ni nyama ya kusaga isiyoiva. Asiyeizoea aombe iive. Wafilipino wamejaa Satwa, Karama na Al Rigga. Kwao unaonyesha kwa kidole kwenye vyombo vilivyopangwa, na ukwaju wa sinigang, supu yao ya uchachu, ni dawa ya joto. Kwa Mwislamu, nyama Dubai kwa kawaida ni halali, na nguruwe huuzwa kwa kibali maalumu na kutambulishwa wazi, lakini migahawa michache ya Kifilipino na Kichina ina kibali hicho. Soma menyu, na kama huna hakika uliza kabla ya kuonyesha kidole.

Upande wa fedha, dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 ni dirham 3.67 na kidogo, kwa hiyo hesabu haiyumbi siku hadi siku. Kodi ya asilimia 5 imo ndani ya bei iliyoandikwa. Hotelini huongezwa ada ya manispaa asilimia 7 na ya huduma asilimia 10. Kwenye migahawa tunayoizungumzia hakuna. Chupa ya maji ikiwekwa mezani bila kuagizwa italipiwa ukiifungua, irudishe mapema kama huitaki. Ndani ya metro kula na kunywa ni faini ya dirham 100, hata peremende, na karak ya mkononi isikusahaulishe. Usipige picha za walaji wengine bila idhini. Huko si suala la adabu peke yake, sheria inawalinda.

Anayesafiri Ramadhani ajue kwamba migahawa mingi midogo hufungwa mchana au huuza vya kubeba tu, ingawa tangu 2021 Dubai hailazimishi tena mapazia kwa ile inayofunguliwa. Usiku, kinyume chake, mitaa hukesha, na ndio msimu wa luqaimat na harees kupatikana kirahisi. Futari zinazoandaliwa misikitini zinakusudiwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Mwenye tiketi ya ndege mfukoni anunue yake.

Mwisho ni mzigo wa kurudi nao. Asali ya tende na achari zikiwa kwenye mkoba wa mkononi zitanyang'anywa uwanjani kama chupa imezidi mililita 100, hivyo ziweke kwenye begi la kupakiwa, ndani ya mifuko miwili. Kitu cha kununua bila kukosa kwenye soko la viungo la Deira ni loomi, ndimu zilizochemshwa kwa maji ya chumvi na kukaushwa juani. Chagua nyepesi zinazosikika tupu ukizitikisa. Nzito bado zina unyevu na zitaota ukungu njiani. Kwa kilo 1 ya nyama tumia 3. Zitoboe kwa uma pande mbili kabla ya kuzitia chunguni, na ukizipasua ondoa mbegu zote, kwa sababu mbegu zikichemka chungu kizima huwa kichungu na hakuna sukari wala nazi itakayokiokoa.

Wasomaji wako,
Deira, Dubai